Maharage ya Ragab na tanuri lisilobakisha joto

Jua halijafika kwenye paa la shule ya Kafr Abu Shanab, na tayari Wagida Abdelghaffar amelowa jasho. Mtandio ameufunga nyuma ya shingo, mikononi ana glavu za ngozi zinazomfika viwikoni. Anausukuma kwa mguu mfuniko wa tanuri, nao unateleza pembeni kwenye reli yake. Chini, ndani ya chungu cha kuyeyushia, alumini imetulia na kung'aa kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.

"Bado," anasema Fundi Shindi, mzee anayemsaidia kusubu sufuria.

"Imeiva. Wewe macho yamezeeka."

"Macho haya yalianza kuitazama alumini wewe bado unanyonya, mama Ragab. Nimesema bado."

Wagida anaurudisha mfuniko bila kubisha zaidi. Wanangoja kidogo, kisha wanaufunua tena, wanakinyanyua chungu kwa koleo refu, mmoja huku na mwingine kule, na kumimina kwenye kalibu za mchanga zilizopangwa sakafuni. Baada ya muda watapasua mchanga na kutoa sufuria ambazo bado hazijasuguliwa.

Nje, wanawake wanapita kwenda kununua mikate. Wanasalimia, anawaitikia. Hakuna anayeingia.

Miezi michache iliyopita, saa kama hii, mlango huu usingepitika kwa wanawake na vyungu vyao vya maharage. Wagida mwenyewe ndiye aliyewakataza. Alitakiwa kuchagua kati ya pumzi ya mumewe na sadaka ya mwanawe aliyefariki, na kama anavyokiri leo bila kuulizwa mara mbili, alichelewa kuchagua.

Kafr Abu Shanab, huko Misri, ni kijiji cha mashamba ya mpunga na cha mafundi wa alumini. Karakana ziko chini, familia zinaishi juu. Vinaingia vipande vya injini, fremu za madirisha na sufuria zilizotoboka. Zinatoka sufuria mpya za kupelekwa soko la Mit Ghamr. Biashara haifi, maana binti wa huku haolewi bila seti yake kamili, na mama yake huanza kuikusanya binti angali anaota meno.

Karakana hii ilikuwa ya Mitwali, mume wa Wagida, na kabla yake ilikuwa ya mama yake Mitwali aliyeachwa mjane mapema. Tanuri la wakati huo lilikuwa shimo la matofali lenye mdomo wazi. Lililishwa oili chafu ya magari na kupulizwa na feni, na moshi wake ulikuwa mweusi, mzito, wenye ladha. Mitwali alisimama juu ya shimo hilo miaka thelathini na ushei.

"Watu walikuwa wanasema Mitwali havuti sigara, mtu safi sana huyu," anasema Mitwali mwenyewe, mwanamume mwembamba wa miaka sitini na moja. "Sigara ya nini? Nilikuwa navuta malori."

Ni miaka miwili sasa tangu daktari amkataze kushuka karakanani. Alikuwa akikaa chumbani juu, dirisha limefungwa, akisikiliza feni ya chini na kujua kwa mlio wake kama Shindi amezidisha oili. Wagida ndiye aliyevaa glavu. Siku nzuri, wakishalipa oili, chakavu na ujira wa Shindi, zilikuwa zinabaki pauni mia tatu, na dawa ya kuvuta ya Mitwali ilikuwa inazila zote kabla mwezi haujagawanyika.

Lakini shimo lile lilikuwa na neema yake. Likizimwa jioni, majivu na udongo kulizunguka vilibaki na moto hadi asubuhi. Mama yake Mitwali ndiye aliyeanza kuwaruhusu majirani kuleta vyungu vya maharage baada ya magharibi, vile vyungu vyembamba vya shingo. Vilizikwa kwenye majivu mpaka shingoni, na alfajiri vilifukuliwa maharage yameiva, laini, tayari kwa mafuta, ndimu na kisibiti. Alitoza sarafu ndogo kwa kila chungu. Kijiji kizima kilifungua kinywa kwa moto wa karakana hii.

Kisha likatokea la Ragab.

Ragab alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikuwa na miaka kumi na saba, mchapakazi, mcheshi, mwenye wimbi la nywele ambalo mama yake alikuwa akimtishia kulinyoa usiku. Alikwenda kuosha chekeche za mchanga kwenye mfereji mkubwa, akateleza, na maji yakamchukua. Huu ni mwaka wa tisa.

Arobaini ilipopita, Wagida akasimama mlangoni akawaambia wanawake kwamba kuanzia siku hiyo hataki sarafu ya mtu. "Nikawaambia, anayechukua chungu chake amwombee mwanangu. Basi. Sitaki kingine."

Wakashika. Kila alfajiri, chungu kikitoka kwenye majivu, aliyekishika alisema, "Mungu amrehemu Ragab." Wengine walisema kwa moyo, wengine kwa mazoea, huku wakigombana na mtoto aliyeng'ang'ania gauni. Wagida hakujali. Vyungu vilikuwa arobaini na zaidi, na Ijumaa havikuhesabika.

"Mimi kila asubuhi nilikuwa namsikia mwanangu anatajwa," anasimulia, na hapa sauti yake inapungua. "Mama gani aliyefiwa ana bahati hiyo? Watu huzika, mwaka haujaisha, jina limekwisha. La Ragab lilikuwa linatoka humu na mvuke wa maharage, linaingia kila nyumba."

Mwanzoni mwa mwaka jana akaja Injinia Inas.

Miradi si migeni Kafr Abu Shanab. Uliwahi kuja wa kufuga nyuki. Nyuki wakaondoka, mizinga ikabaki, na leo wazee wanaikalia wakicheza tawla, ule mchezo wa ubao na dadu. Ulikuja pia wa taa za barabarani, ukaacha nguzo. Kwa hiyo binti huyu wa miaka ishirini na tisa kutoka Mansoura aliposhuka garini, watu walitazama kwanza kama amekuja na bango la mradi. Hakuwa na bango. Alikuwa na viatu vya kazi na vifaa vya kupimia joto, na alikaa kando ya shimo la Wagida siku nzima bila kuombwa apigwe picha.

"Mama, katika ndoo kumi za oili unazochoma, mbili ndizo zinazoyeyusha alumini," alimwambia mwisho wa siku. "Zilizobaki zinapasha joto anga."

"Na anga la Mungu halijawahi kunilipa," Wagida alijibu, na wote wawili wakacheka.

Inas akamweleza habari ya tanuri jipya. Lina kuta mbili na sufi ya kuzuia moto katikati. Lina mfuniko. Moshi unaotoka unapitishwa kwenye bomba na kuupasha joto upepo unaoingia, ili oili iungue yote, isibaki ya kugeuka masizi. Jioni likizimwa, joto linafungiwa humo humo, asubuhi tanuri linaanza kazi likiwa halijapoa. Mradi ungeleta moja la majaribio. Miezi michache ikionyesha kweli linaokoa oili, karakana nyingine za kijiji na za vijiji vya jirani zingepata kwa bei nafuu. Lisipookoa, linang'olewa.

Wagida alielewa kila neno. Alijua pia kwamba joto lile halikuwa linaenda angani lote, kwamba sehemu yake ilikuwa inalala chini ya maharage. Hakusema.

"Niliona haya," anasema. "Mtoto wa watu amesoma, anazungumza mambo ya upepo na matofali, mimi nimletee habari za vyungu? Halafu nilidhani moto ni moto. Nilidhani jipya nalo litakuwa na majivu yake."

Aliuliza jambo moja tu. "Na moshi?"

"Utakuwa mdogo sana. Likishika joto hutauona."

Juu ya vichwa vyao Mitwali alikuwa anakohoa, kile kikohozi kirefu kinachomaliza watu wote waliomo chumbani. Wagida akangoja kiishe.

"Lilete," akasema.

Shimo likafukiwa. Tanuri likasimikwa, pipa nene la chuma lenye rangi ya kijivu. Fundi Shindi akachinja njiwa na kulipaka ubavuni alama ya kiganja kwa damu yake, kuondoa kijicho, Inas akamwomba tu asije akaziba bomba. Walipolizima jioni ya kwanza, Wagida akaweka mkono juu ya ukuta wake. Lilikuwa vuguvugu, kama ukuta wa nyumba uliopigwa na jua. Akaona hapo hapo kwamba amefanya kosa, lakini wanawake walikuwa wamekwishafika na vyungu vyao, na hakuwa na uso wa kuwarudisha.

Wakavipanga kulizunguka tanuri, vikakaa pale hadi asubuhi.

Mama Isam, jirani wa ukuta kwa ukuta na rafiki wa Wagida tangu wote wawili walipoletwa kijijini hapa kama maharusi, ndiye aliyerudi wa kwanza na chungu chake kikiwa wazi.

"Mama Ragab, haya ni maharage au kokoto? Mume wangu amevunja jino lake la mwisho!"

"Jino lile lilikuwa linatafuta kisingizio tu," Wagida alimjibu.

"Cheka, cheka. Na hilo pipa lako limenuna kama mama mkwe, halitoi hata joto la salamu."

Wanawake wakacheka, kila mmoja akabeba chake akaondoka. Wagida akabaki amesimama katikati ya karakana. Hakuna aliyekuwa amesema zile rehema.

"Si kwa ubaya," anasema. "Mtu atamwombeaje marehemu kwa maharage mabichi? Lakini asubuhi ile ilipita kimya. Nikajihisi kama nimemzika mara ya pili, safari hii kwa mikono yangu."

Hakuweza kuvumilia asubuhi ya pili. Jioni, Shindi alipokwenda zake, akaufungua mfuniko na kuuacha wazi, joto lote lililofungiwa likatoka. Halikutosha. Akalifungua bomba la oili kidogo, moto ukawa mdogo wa kuungulia. Feni hakuiwasha, maana Mitwali angeisikia na kuuliza. Na hapo ndipo ubaya wote ulipokuwa: tanuri lile bila feni, mfuniko wazi, oili haiungui, inafuka. Alitundika gunia bichi kwenye mlango wa ngazi ili moshi usipande, akasema bismillahi, akaenda kulala.

Alfajiri maharage yalikuwa yameiva. Wanawake wakafurahi, Mama Isam akalipiga tanuri kofi la mapenzi, na jina la Ragab likasikika tena kila chungu kilipotoka.

Ikawa ndiyo desturi, jioni baada ya jioni, wiki baada ya wiki.

Shindi aliona masizi ukutani kila asubuhi. "Nilimwambia, mama Ragab, tanuri hili umeligeuza lile la zamani, umelivisha koti tu. Akaniambia, wewe subu. Nikasubu." Mzee anatikisa kichwa. "Na mimi nilimpenda yule kijana. Ningesema nini?"

Injinia Inas aliporudi kukagua, akatumbukiza kijiti kwenye pipa la oili, akakitazama, akakitumbukiza tena. Oili iliyotumika ilikuwa sawasawa na ya shimo la zamani.

"Mama, hii haiwezekani."

"Labda limezoea," Wagida alimwambia.

Inas akavua koti, akafungua mabomba yote, akakuta yamejaa masizi. Alishinda pale akisugua, nywele zimejaa weusi. Alipomaliza akaja kumwomba Wagida radhi, akasema lazima yeye ndiye aliyekosea kulifunga, na kwamba atajaribu kuwaombea muda zaidi kwa wakubwa wake kabla hawajaamua kuling'oa.

"Aliniomba radhi, mimi," Wagida anasema, akijitazama viganja. "Nikamnywesha chai. Nilimtilia sukari nyingi, nikashindwa kumtazama usoni. Aibu niliyoiona siku ile sijawahi kuiona."

Kijijini maneno yalikuwa yameanza. Wenye karakana waliosema watajiandikisha wakasema afadhali hawakujiandikisha. Lile la nyuki limerudi, walisema, safari hii limekuja na chuma.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya majira ya baridi, madirisha ya kijiji kizima yakiwa yamefungwa. Wagida alishuka kabla ya adhana kuvitoa vyungu. Juu kulikuwa kimya, hakuna kikohozi.

"Nilifurahi," anasema. "Wallahi nilifurahi. Nikasema leo amelala, mwache alale."

Wanawake wakaja, akawagawia, akaitikia amina kila walipomtaja mwanawe. Walikuwa bado wamejaa karakanani alipochemsha chai na kumpandishia mumewe. Alimkuta ameegemea ukuta, macho wazi, midomo imegeuka rangi ya bluu.

Ukelele wake ulisikika hadi msikitini. Mitwali alishushwa ngazi katika blanketi na wanaume wanne, katikati ya wanawake walioshika vyungu vya maharage ya moto, wakiwa hawajui pa kuviweka ili wapishe. Bajaji ikamkimbiza hadi barabara kuu, na gari la jirani likamfikisha hospitali ya mjini.

Alikaa kwenye mashine ya hewa siku ambazo Wagida hapendi kuzihesabu. Daktari alimuuliza Wagida mumewe alikuwa analala karibu na moshi gani. Alijibu kwamba nyumbani hakuna moshi, wana tanuri jipya. Baada ya kusema hivyo alitoka nje ya wodi, akaketi kwenye ngazi, akalia mpaka mfagizi akamletea maji.

Mitwali alipopata sauti, alimwita akae karibu. Mazungumzo yao yalikuwa mafupi, na wote wawili wanayakumbuka kwa namna moja.

"Nimekuua," Wagida alimwambia. "Ni mimi. Nilikuwa naacha moto jioni, wa maharage."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua tangu jioni ya kwanza. Mimi nimeishi na oili, Wagida, nitashindwa kuijua harufu yake? Gunia lako halikuzuia hata nzi."

"Mbona hukusema, baba Ragab?"

Alivuta hewa kwanza. "Ningesema nini? Ningekuambia zima moto wa mtoto?"

Wagida akajiinamia kwenye ukingo wa kitanda. Mume na mke walikuwa wamenyamaziana wiki zile zote, mmoja akificha moto na mwingine akificha kwamba unamuua, wote wawili kwa ajili ya kijana mmoja.

"Sasa nasema," Mitwali aliendelea. "Nilitaka kumfuata, usidhani sikutaka. Kila nikibanwa nilikuwa najiambia, afadhali, nakwenda kwa mwanangu. Lakini hapa nimelala nimeona sitaki. Nataka kupumua. Zima."

Aliporudi kijijini Wagida alianza na Inas. Alimweleza yote, mfuniko, feni, gunia, chai yenye sukari.

"Mbona hukuniambia habari za vyungu, mama?"

"Na wewe mbona hukuuliza jioni tunafanya nini?"

Inas anakiri kwamba swali hilo lilimkaa. "Tulikosea wote, yeye na mimi. Mimi nilikuwa nakuja asubuhi, nikimaliza kupima narudi mjini. Kijiji cha jioni sikukijua." Alijaribu kutafuta njia. Alichora bomba la pembeni ambalo moshi wa mwisho ungeweza kuivisha vyungu vinne, labda vitano, bila kuongeza oili.

"Vinne?" Wagida alimuuliza. "Nichague nani? Niwaambie nani kati ya hawa mwanangu hamhitaji?"

Inas akaukunja mchoro.

Jioni ile wanawake walikuja kama kawaida, wakidhani baada ya misukosuko mambo yamerudi. Wagida aliwangoja mlangoni.

"Rudini navyo, dada zangu. Moto wa maharage umekwisha. Haurudi."

Kukawa na minong'ono. Mmoja akauliza mtungi wa gesi sasa ni bei gani, anajua mama Ragab? Mwingine akasema watoto watakwenda shule na njaa. Kuna aliyesema kwa nyuma, wala si kwa sauti ya chini, kwamba watu wanauza sadaka ya mtoto wao kwa pipa la chuma.

"Hilo nililisikia," Wagida anasema. "Nikalimeza. Bado liko hapa kooni."

Mama Isam alikuwa mbele kabisa, chungu kichwani.

"Na Ragab je?" aliuliza.

"Ragab kaacha baba."

"Sikuulizi baba. Nakuuliza Ragab. Tumemwombea miaka tisa, leo unatufungia mlango?"

"Shoga yangu, kama rehema zenu zilikuwa za Ragab, mwombeeni jikoni kwenu. Kama zilikuwa za maharage, basi zimekwisha na maharage."

Mama Isam akageuka akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo hupita kichochoro cha nyuma kwenda kwenye mikate, na Wagida anapousimulia ugomvi huu hatafuti maneno ya kuupamba. Anasema alikuwa mkali mno, na kwamba hajapata ujasiri wa kwenda kugonga.

Tanuri sasa linafanya kazi liliyoumbiwa. Pipa la oili lililokuwa linakwisha kwa siku tatu linafika wiki. Kuta za karakana zimepakwa chokaa na zimebaki nyeupe, jambo ambalo Shindi analionyesha kwa kila mgeni kana kwamba chokaa ni yake. Pauni zinazobaki jioni zimekaribia mara mbili ya zile za mwanzo. Karakana tatu nyingine zimepata matanuri, na kijiji cha ng'ambo ya mfereji kimeomba.

Siku hizi Inas, kabla hajatoa kipimo chochote, huomba chai na kuwauliza wenye nyumba joto la jioni linakwenda wapi. Wengine humcheka. Wawili walimpeleka nyuma ya tanuri wakamwonyesha maboksi ya mayai; walikuwa wanatotolesha vifaranga. Kwa hao ilibidi wakae wapange kwanza, na mmoja aliamua kubaki na shimo lake.

Wagida hajutii, lakini hasemi kwamba hajapoteza kitu. Asubuhi ndizo ngumu, anasema. Kuna siku husimamisha kazi saa ile ya vyungu, akajisemea mwenyewe lile jina, kisha akavaa glavu tena. Watu humuuliza sasa nani atamwombea mtoto.

"Nawaambia nitaitafuta sadaka nyingine. Nitachimba kisima, nitanunua msahafu niuweke msikitini, njia za thawabu ni nyingi. Baba yake nitampata wapi mwingine?"

"Na anasikia," Mitwali anasema kutoka kwenye kiti chake. "Msimseme kama hayupo."

Ameshuka. Ameketi mlangoni mwa karakana, kwenye kivuli, na kifaa cha dawa mfukoni mwa kanzu. Bado hukohoa, na daktari hakumwahidi mapafu mapya. Lakini kila siku baada ya alasiri hutembea kidogo zaidi ya jana yake. Wiki iliyopita alifika kwenye daraja la mfereji, akashika ukuta wake, akapumzika, akarudi.

Makaburi yako ng'ambo ya daraja. Mitwali hajafika huko tangu alipoanza kuugua. Asubuhi za Idi, kijiji kizima kinapokwenda kuwasalimia wafu wao, yeye alibaki dirishani na Wagida akaenda peke yake. Idi Kubwa ijayo anataka kwenda.

"Nitavuka lile daraja kwa miguu yangu," anasema. "Nikishindwa, wataniweka kwenye bajaji, sina kiburi. Lakini nikifika sitaki mtu anisaidie kusoma. Fatiha ya mwanangu nitaisoma mwenyewe, yote, kwa sauti, aisikie."

Wagida ameinama kwenye kalibu, mgongo umeelekea mlangoni. Anajifuta macho kwa ncha ya mtandio, mara moja, kisha tena.

"Moshi huu," anasema.

Fundi Shindi anaangalia tanuri, anaangalia kuta nyeupe, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hambishii.